Mara ya Kwanza Haidhuru



Msimu wa harusi ukiingia huku pwani, kuanzia Lamu hadi Unguja, mafundi wa hina hawalali. Bibi harusi hupambwa mikono mpaka kwenye viwiko na miguu mpaka karibu na magoti, na mashoga zake nao hawakubali kubaki watupu. Yale maua mekundu ni hina. Ile mistari myeusi tii inayoyazunguka ndiyo piko.

Hina ni majani ya mhina, yamekaushwa yakasagwa. Wanaodhurika nayo ni wachache mno, na rangi yake haiwi nyeusi hata ukilala nayo usiku kucha. Piko ya siku hizi ni jambo jingine. Mara nyingi ni rangi ya kuficha mvi, ile inayouzwa kwenye pakiti ndogo madukani, imekorogwa ishike upesi na iwe nyeusi ya kung'aa. Ndani yake mna kemikali iitwayo para-fenilinidiamini, ambayo wataalamu wameifupisha wakaiita PPD. Huko Ulaya sheria inairuhusu kwenye rangi za nywele tu, tena kwa kiwango kisichozidi kipimo. Kuipaka kwenye ngozi hakuruhusiwi kabisa.

Sasa tazama mambo yanavyokwenda. Binti anapakwa piko kwenye harusi ya dada yake, anacheza, anarudi nyumbani salama. Mwaka unaofuata anaolewa shoga yake, anapakwa tena. Siku ya pili mkono unamwasha. Siku ya tatu maua yote yameinuka malengelenge, kila jani na kila kikonyo mahali pake, utadhani amechorwa kwa kaa la moto. Hapo maneno yanaanza. Huyu anasema ni jicho la mtu, yule anasema fundi kakosea kipimo. Na fundi anajitetea kwa hoja moja tu: "Mwanangu, mwaka jana nilikupaka hii hii. Mbona hukudhurika?"

Hoja hiyo ya fundi ndiyo iliyonileta mbele ya kipaza sauti leo. Tunaitoa sote. Tunasema: kamba nimekula tangu utotoni, haiwezi kuwa kamba. Sindano hii nilishachomwa, haiwezi kuwa sindano. Sabuni ni ile ile. Tunadhani tunakiondolea kitu lawama, kumbe tunatoa ushahidi dhidi yake, maana mzio, yaani aleji, kwa kawaida hauanzi mara ya kwanza. Mwili lazima ukutane na kitu kwanza, ukijue, ukiwekee kumbukumbu. Kinga ya mwili ni kama mwenye duka wa mtaani: ukichukua mara ya kwanza anaandika daftarini na hasemi neno, siku ukirudi ndipo anapodai.

Waliogundua jambo hili hawakuwa wakilitafuta. Mwaka 1901 wanasayansi wawili wa Ufaransa, Charles Richet na Paul Portier, walikuwa baharini kwenye meli ya Mwana Mfalme Albert wa Kwanza wa Monaco, wakichunguza sumu ya wanyama wa baharini wanaowasha kama kiwavi. Waliporudi nchi kavu waliendelea na kazi kwa kuwadunga mbwa sumu ya aina hiyo, na mawazo yao yalikuwa kwamba kipimo kidogo kitawazoesha mbwa ili baadaye wastahimili kikubwa, kama chanjo inavyofanya. Mbwa aliyepona vizuri kabisa alipodungwa tena baada ya wiki kadhaa, kwa kipimo kidogo, alianza kuhema, akaanguka, akafa katika muda mfupi. Kile walichodhani kitamkinga ndicho kilichomuua. Richet alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913 kwa kazi hiyo. Neno aleji lenyewe lilitungwa mwaka 1906 na daktari wa watoto wa Vienna, Clemens von Pirquet, ambaye naye aliona watoto waliodungwa dawa ya damu ya farasi wakiumwa haraka zaidi wanapodungwa mara ya pili.

Basi chombo cha kwanza cha kutafutia chanzo cha mzio ni saa ya ukutani. Uliza: kutoka nilipokigusa au nilipokila mpaka nilipoanza kuumwa, umepita muda gani?

Kama ni dakika chache, au saa moja mbili, hapo kuna kingamwili maalumu ambazo wanasayansi walizitambua mnamo miaka ya 1966 na 1967, wakaziita IgE. Kingamwili hizi hukaa zimeng'ang'ania juu ya seli zilizojaa vifuko vya histamini. Kitu kinachotambuliwa kikipita, vifuko vinapasuka: ngozi inainuka mabaka, midomo inavimba, pua inatiririka, kifua kinabana. Kama ni siku moja hadi tatu, kama yule binti wa piko, basi kazi imefanywa na seli nyingine za kinga, za mwendo wa pole, na mara nyingi jambo huishia kwenye ngozi. Hereni za bei rahisi zenye nikeli hufanya hivyohivyo masikioni, na bizimu ya mkanda hufanya hivyohivyo chini ya kitovu.

Kwa yule binti kuna habari nyingine ambayo fundi hatamwambia: kumbukumbu ya PPD mwilini kwa kawaida haifutiki. Miaka 20 baadaye atakapopaka nywele zake dawa ya mvi, kichwa na uso vinaweza kuvimba mpaka macho yafumbe. Bora ajue mapema, na amwambie msusi wake.

Tuje kwenye samaki, maana pwani hatuwezi kuzungumza bila kufika huko.

Kamba, kaa na ndugu zao wana protini kwenye misuli yao iitwayo tropomaiosini. Protini inayofanana nayo sana imo kwenye mende, na imo kwenye utitiri wa vumbi, vile vidudu visivyoonekana kwa macho vinavyoishi ndani ya magodoro na mito yetu vikila vumbi la ngozi tunayopukutisha usiku. Hivyo mtu anaweza kujifunza kuchukia kamba kwa kuvuta vumbi la chumbani mwake. Kuna watafiti waliowapima Wayahudi washika dini, watu ambao kwa sheria ya chakula chao hawajawahi kuonja kamba. Wenye mzio wa utitiri miongoni mwao walikutwa ngozi zao zinamkataa kamba. Kwa hiyo hata ile "mara ya kwanza" ya mezani huenda si ya kwanza kwa mwili.

Lakini si kila anayevimba baada ya kula samaki ana mzio. Jodari, vibua na jamaa zao, wakikaa juani bila barafu, bakteria hugeuza sehemu ya nyama yao kuwa histamini, ile ile inayotoka kwenye vifuko vyetu. Ukiwala, uso unakuwa mwekundu na wa moto, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, mwili unawasha. Kupika hakusaidii, kwa sababu histamini haiharibiwi na moto wa jikoni. Mtu anatoka hapo akiapa ana aleji ya jodari, na anaacha kumla maisha yake yote, wakati kosa lilikuwa la samaki yule mmoja na jua la siku ile. Swali la kukusaidia kutambua ni hili: je, wenzako mliokula sinia moja nao waliumwa? Mzio huchagua mtu. Samaki aliyeharibika hupiga wengi.

Mzio unasingiziwa mengi zaidi ya hilo. Anayeharishwa na maziwa mara nyingi amepungukiwa na kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa, na kinga yake ya mwili haihusiki. Yule mdudu mwembamba, mwekundu kwa mweusi, aliyebandikwa jina la Nairobi, anaunguza ngozi ya kila mtu anayempondea shingoni. Na wasikilizaji wa umri wangu mnaikumbuka klorokwini, ilivyotufanya tujikune usiku kucha mpaka tukawa tunaimeza pamoja na Piriton. Ule mwasho uliwapata Waafrika wengi mno, na haukuwa mzio wa aina ninayoieleza hapa. Tanzania iliiacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, lakini bado wapo wanaomweleza daktari kuwa wana aleji ya dawa za malaria, zote kwa jumla.

Mzio wa hewani nao una wasingiziwa wake. Ikifika Oktoba, mijakaranda ya Nairobi na Arusha ikivaa zambarau, watu wanapiga chafya na kuitupia macho mabaya. Naomba kuitetea. Maua ya kuvutia namna ile yameumbwa kuita nyuki, na chavua yake ni nzito, haipeperuki mbali. Chavua inayotesa pua ni ya mimea isiyo na uzuri wowote, ile inayotegemea upepo, hasa nyasi, ambazo mvua zikinyesha nazo huchanua kimyakimya pembezoni mwa barabara. Arusha wana pia gugu karoti, gugu vamizi lenye vijiua vyeupe vidogo. Wanaoling'oa kwa mikono mitupu hupata ukurutu wa mikono, shingo na uso, na wengine kifua huwabana. Ling'olewe, naam, lakini kwa glavu na mikono mirefu ya shati.

Na ndani ya nyumba chanzo ni utitiri, ambao hupenda unyevunyevu kama wa Tanga na Mombasa. Bibi zetu waliokuwa wakitoa godoro la sufi nje kulianika juani walijua wanachofanya, maana utitiri ukikaushwa hufa. Mashuka yakifuliwa kwa maji ya nyuzi 60, utitiri wake hufa pia. Manukato ya kupuliza chumbani hayaui hata mmoja, na mwenye pumu yanamwongezea taabu.

Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: mbona zamani haya hayakuwepo? Jibu rahisi ni kwamba yalikuwepo, yakiitwa majina mengine. Lakini jibu hilo halitoshi, kwa sababu mzio kweli umeongezeka, na umeongezeka zaidi mijini. Mwaka 1989 Mwingereza David Strachan aliona kwamba watoto waliozaliwa kwenye familia kubwa, hasa wadogo wa mwisho, walipata mafua ya chavua kwa uchache kuliko mtoto wa pekee. Akapendekeza kwamba maambukizi wanayopeana ndugu utotoni yanaifundisha kinga adabu.

Afrika ilileta ushahidi wake, na ushahidi huo unahusu minyoo. Huko Gabon, mwaka 2000, watafiti walionyesha kuwa watoto wa shule wenye kichocho ngozi zao haziutambui utitiri kama za wenzao wasio nacho. Walipowapa watoto dawa za minyoo mara kwa mara, mwitiko huo ukapanda. Karibu na kwetu, Entebbe nchini Uganda, wajawazito zaidi ya 2,500 waliingizwa kwenye utafiti ambapo nusu walipewa albendazole na nusu vidonge visivyo na dawa. Watoto wa mama waliopata albendazole walipata pumu ya ngozi zaidi. Minyoo, ili iishi ndani yetu miaka mingi bila kufukuzwa, huituliza kinga ya mwili, na inapoondoka utulivu ule unaondoka nao.

Sasa asitoke mtu hapa akasema redio imewaambia watu wafuge minyoo! Minyoo hunyonya damu ya mtoto na kumdumaza, na kichocho huharibu kibofu na ini. Mtoto ameze dawa yake shuleni. Ninachotaka usikie ni kwamba mzio haukuletwa na "vyakula vya kizungu" peke yake, wala na "kemikali" kwa jumla jumla, kama tunavyopenda kusema vibarazani. Umeletwa na maisha yaliyobadilika pande nyingi kwa wakati mmoja, na mengine kati ya mabadiliko hayo tusingeyarudisha nyuma hata tukiombwa.

Kuna jambo moja ambalo hata mabingwa walilishika kinyume kwa miaka. Mwanzoni mwa karne hii madaktari wa Marekani na Uingereza walikuwa wakishauri mtoto aliye hatarini kupata mzio asipewe karanga mpaka afike miaka mitatu. Mzio wa karanga haukupungua. Baadaye Gideon Lack na wenzake wa London wakaona kwamba watoto wa Kiyahudi wa Uingereza walikuwa na mzio wa karanga karibu mara 10 zaidi ya watoto wa Kiyahudi wa Israeli, ambako wachanga hutafunishwa vitafunio vya karanga tangu hawajaota meno yote. Walichukua watoto wachanga 640 wenye pumu ya ngozi kali au mzio wa mayai, wakawagawa: hawa wale karanga, hawa waepushwe. Matokeo yalitoka mwaka 2015. Walipofika miaka mitano, waliopata mzio wa karanga kati ya walioepushwa walikuwa asilimia 17, na kati ya waliokula, asilimia 3.

Inaonekana njia ndiyo inayoamua. Karanga ikiingia kwanza mdomoni, mwili unaihesabu chakula. Ikiingia kwanza kwa vumbi lake kupitia ngozi iliyopasuka kwa pumu ya ngozi, mwili unaihesabu adui. Kwa hiyo, mama unayekoroga uji wa lishe wenye unga wa karanga mtoto akitimiza miezi sita, endelea, hukuwa nyuma ya sayansi. Ila usimpe karanga nzimanzima, zitamkaba. Na kama ngozi yake ni mbovu sana, au alishavimba kwa yai, muone daktari kabla ya kuanza.

Vipimo vipo, lakini navyo visikutie wazimu. Kile cha ngozi, cha tone na kidungo kidogo mkononi, hutoa jibu baada ya dakika 15 hivi. Kile cha damu hutafuta IgE. Vyote viwili vinaonyesha kwamba mwili umeandika jina la kitu, havionyeshi kwamba utadai. Ghana walikutwa watoto wengi wenye kingamwili za karanga kwenye damu, wakati wanazitafuna kila siku bila shida. Kingamwili zao kwa sehemu kubwa zilihusishwa na kichocho. Ukipewa karatasi yenye orodha ya vyakula 30 unavyokatazwa, nawe ulikuwa unavila salama, usivitupe. Rudi kwenye saa yako na daftari lako: nilikula nini, saa ngapi, nini kikatokea, na je, kilijirudia?

Kwenye dawa nako kuna watu wa aina mbili. Kuna waliobandikwa aleji ya penisilini tangu utotoni kwa sababu ya kipele kimoja. Marekani, watu 10 kati ya 100 husema wana mzio huo, lakini wakipimwa vizuri, zaidi ya tisa katika kila 10 hawana. Si jambo dogo, maana mwenye ugonjwa wa moyo uliotokana na homa ya baridi yabisi, au mjamzito mwenye kaswende, penisilini ndiyo tegemeo lake. Na kuna aina ya pili, ambao hawapaswi kubishana hata kidogo: wale ambao baada ya Septrin au Fansidar, au dawa nyingine ya salfa, ngozi ilianza kubabuka, na vidonda vikatokea mdomoni na machoni. Hao dawa hiyo wameachana nayo milele. Jina lake liandikwe kwenye kadi ya kliniki, na mtu wa nyumbani alijue, kwa sababu siku ya kuulizwa huenda mgonjwa hawezi kusema.

Nimalizie na hatari yenyewe. Mtu ameumwa na nyuki, au amekula kitu, au amedungwa sindano, na ndani ya dakika chache sauti inakwama, anakoroma, anatapika, mabaka mwili mzima, kizunguzungu. Piriton haimwokoi. Itatuliza mwasho tu, na huku koo linaendelea kufunga. Maziwa na maji ya chumvi hayamwokoi. Dawa yake ni adrenalini, inayochomwa kwenye msuli wa paja upande wa nje, mapema. Imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na si dawa ghali. Mlaze, miguu juu. Akishindwa kupumua akae, lakini asisimamishwe wala asitembezwe. Hata akipata nafuu abaki hospitali, kwa sababu hali inaweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Kwa hiyo ninakuombeni, wazee wa mitaa, wajumbe wa kamati za afya, wafugaji nyuki, walimu wakuu, na wewe uliye na mtu wa namna hii nyumbani: wiki hii nenda zahanati iliyo karibu nawe, salimia vizuri, halafu uliza maswali mawili. Adrenalini ipo? Na tarehe yake haijapita?